Bakteria Akijiua, Anayefaidika Ni Nani?

Mwalimu mmoja wa baiolojia anayefundisha sekondari upande wa Ahero, Kaunti ya Kisumu, ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, Daktari. Nilikuwa nafundisha uteuzi asilia katika Kidato cha Nne, mwanafunzi mmoja akasema amesoma kwamba bakteria wakibanwa na njaa, joto au dawa, hujiua kwa jeni walizonazo wenyewe. Akauliza: kiumbe wa seli moja akijiua, si amekwisha? Jeni kama hizo zimerithishwaje? Sikuwa na jibu. Mwenzake akataka kujua kama ndiyo sababu yale maji ya kijani ya ziwani hutokea yakatoweka ghafla. Mimi pia nina langu: kama kweli wana kitufe cha kujiua, mbona hatukibonyezi, badala ya kuhangaika na antibiotiki zisizofanya kazi tena?"

Mwalimu, asante kwa kuniletea maswali haya, na tafadhali umfikishie mwanafunzi wako wa kwanza pongezi zangu. Jambo aliloligusa limewagawanya wataalamu wa bakteria kwa zaidi ya miaka ishirini. Nitajibu kwa urefu kwa sababu lile jibu la haraka, kwamba bakteria hujitoa mhanga kwa ajili ya wenzao, ni la kweli mahali fulani na si la kweli mahali pengine, na darasa lako linastahili kujua mpaka uko wapi.

Nianze na urithi. Tumezoea kumhesabu kiumbe kwa mwili wake, kwa hiyo tunaona seli moja kama mtu mmoja. Lakini seli moja ya bakteria mara nyingi imezungukwa na nakala zake. E. coli, bakteria wa utumbo, akiwa na chakula cha kutosha na joto la mwili hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Seli moja ikianza saa mbili asubuhi, na chakula kisiishe, saa tisa alasiri ziko zaidi ya milioni mbili, zote zimebeba jeni zilezile isipokuwa mabadiliko machache ya bahati nasibu. Jeni inayoiua seli moja kati ya hizo haijapotea. Imo katika zile zilizobaki. Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alilieleza jambo hili kwa hesabu: jeni inayomgharimu mwenye nayo inaweza kuenea ikiwa ndugu zake wanapata faida kubwa kuliko hasara hiyo, ukizidisha faida kwa kiwango cha undugu wao. Kwa watoto wa baba na mama mmoja undugu huo ni nusu. Kwa nakala za bakteria mmoja ni kamili. Seli moja ikifa na kuziokoa mbili zilizo sawa nayo, jeni imepata faida.

Ndiyo maana hakuna ajabu kwamba katika mwili wetu seli hufa kwa mpango. Jina apoptosisi lilitolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie, na mnyoo mdogo C. elegans, anapokua, hupoteza seli 131 zilezile kila mara. Seli hizo hufa kwa faida ya mwili. Kwa bakteria, kinachokaa mahali pa mwili ni ule ukoo wa nakala.

Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo kosa huingia. Kusema kwamba kifo cha seli *kinaweza* kuwafaidi ndugu si sawa na kusema kwamba seli *ilikufa kwa ajili yao*. Ukimwotesha E. coli katika mchuzi wa maabara bila kumwongezea chakula, baada ya siku chache karibu seli 99 katika kila 100 hufa. Zilizobaki huishi kwa miezi, hata zaidi, zikila mabaki ya zile zilizokufa. Mwaka 1993 kikundi cha Roberto Kolter kule Marekani kilionyesha kwamba waliobaki hao si bahati tu: wamepata mabadiliko ya jeni yanayowafanya wawe walaji hodari wa mabaki, na ukiwachanganya na bakteria vijana wa ukoo uleule, huwashinda. Hapo pana kifo kingi na faida kubwa, ila hapahitajiki mpango wowote wa kujiua. Mzee akifa na wanawe wakarithi shamba, hatusemi alikufa ili wao walime.

Kwa hiyo mimi hutaka kuona mambo matatu kabla ya kukubali kwamba kifo fulani kimepangwa. Pawe na jeni ambayo kazi yake ndiyo hiyo. Seli iliyonyang'anywa jeni hiyo iishi muda mrefu zaidi katika shida ileile. Na ukoo wenye jeni ushinde ukoo usio nayo. Sharti la tatu ndilo gumu, na ndilo watu huliruka.

Mahali ambapo masharti yote matatu yametimia vizuri kuliko pengine ni pale bakteria anapovamiwa na virusi. Bakteria nao huugua. Virusi wanaowashambulia huitwa faji. Frederick Twort aliandika kuwahusu mwaka 1915 na Félix d'Hérelle akawapa jina mwaka 1917. Faji aitwaye T4 hujibandika juu ya E. coli, hudunga DNA yake ndani, na katika muda wa nusu saa hivi seli hupasuka ikitoa faji wapya zaidi ya mia. Sasa tazama hesabu hii, unaweza kuifanya ubaoni. Chukua seli 1,000 za ukoo mmoja, na moja imevamiwa. Ikiachwa, baada ya nusu saa inatoa faji 100, wanaovamia seli 100. Nusu saa nyingine faji ni 10,000 dhidi ya seli 899 zilizobaki. Ukoo umekwisha kabla ya saa mbili kupita. Lakini kama ile seli ya kwanza itajiua kabla ya faji kuundwa, hasara ni seli moja, nazo 999 hazijui hata kilichotokea. Tena, seli ile ilikuwa ya kufa kwa vyovyote. Gharama ya kujiua ni dakika chache za maisha ambayo tayari yameporwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niuamini mpango huu, na vifaa vyenyewe vimeonekana. Baadhi ya E. coli wana protini iitwayo Lit, kisu kilicholala. T4 akianza kutengeneza ganda la kichwa chake, kipande cha protini ya ganda hilo humwamsha Lit. Lit huamka na kuikata EF-Tu, protini ambayo bila yake ribosomu haziwezi kuunda protini yoyote. Kiwanda kizima kinasimama. Seli inakufa, naye T4 hana pa kuundwa. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba jeni ya Lit imo ndani ya masalio ya faji mwingine, wa kale, aliyekwama katika DNA ya E. coli. Masalio ya adui wa jana yamekuwa mlinzi dhidi ya adui wa leo.

Tangu mwaka 2019 uwanja huu umepanuka kwa kasi, hasa kutokana na kazi ya Rotem Sorek nchini Israeli na Philip Kranzusch nchini Marekani. Waligundua kwamba aina nyingi za bakteria wana mfumo uitwao CBASS: kimeng'enya kikihisi uvamizi wa faji hutengeneza molekuli ndogo ya ishara, na ishara hiyo huamsha protini nyingine inayotoboa utando wa seli au kukatakata DNA. Kimeng'enya hicho ni wa jamii moja na cGAS, mlinzi aliyemo ndani ya seli zako na zangu, anayepiga kengele akikuta DNA mahali isipotakiwa kuwa. Mwaka 2022 wakaonyesha kwamba bakteria wana pia gasdemini, protini zinazotoboa utando na kuua seli. Sisi tunazo, na seli zetu za kinga huzitumia kufa zikishavamiwa na vijidudu. Mwanafunzi akikuambia kinga ya mwili ilianza na wanyama, mweleze kwamba sehemu za mitambo yetu zina asili yake kwa bakteria.

Lipo sharti moja la mazingira ambalo vitabu vya shule havina nafasi ya kulitaja, nalo ni la msingi. Kujiua huku kunalipa pale ndugu wanapokaa pamoja. Ukikoroga chupa yenye bakteria wanaojiua na wasiojiua, faida ya kujiua humwendea jirani yeyote, hata asiyelipa chochote, na ukoo unaojitoa unaweza kupungua hadi ukapotea. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walipima jambo hili kwa E. coli na faji aitwaye lambda: ndani ya jeli, ambamo kila ukoo hukaa mahali pake, mkakati wa kujiua ulishinda, ndani ya maji yanayokorogwa, haukushinda. Ukitaka kulionyesha darasani bila maabara, tumia punje za mahindi za rangi mbili juu ya meza, mara moja ukizipanga kwa mafungu ya rangi na mara ya pili ukizichanganya, halafu uwaache wanafunzi wenyewe wahesabu nani amebaki.

Sasa tuje kwenye njaa, joto na dawa, yale aliyoyataja mwanafunzi wako. Hapa nadhani alisoma kuhusu mazEF.

E. coli ana jeni mbili zilizokaa bega kwa bega. MazF ni sumu: hukata RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, kila inapokuta herufi ACA, hivyo ujumbe mwingi wa seli huharibika. MazE ni kinga: huishika MazF ikatulia. Tofauti yao ni kwamba sumu hudumu, kinga huharibiwa upesi na kimeng'enya kiitwacho ClpAP, kwa hiyo seli lazima iendelee kutengeneza kinga ili ibaki hai. Njaa ikiingia, utengenezaji husimama, kinga huisha, sumu hubaki peke yake. Mwaka 1996 Hanna Engelberg-Kulka na wenzake kule Jerusalem waliandika kwamba huu ni mpango wa kifo: seli nyingi hufa ili chache zipate chakula. Baadaye wakasema antibiotiki kadhaa zinazozuia utengenezaji wa protini huamsha mfumo huohuo, na mwaka 2007 wakatangaza kipande kidogo cha protini, amino asidi tano tu, ambacho bakteria hutoa nje kuambiana kwamba wakati wa kufa umefika.

Ni simulizi ya kupendeza, na ilienea haraka. Lakini mwaka 2002 kikundi cha Kenn Gerdes nchini Denmark kilikuwa kimefanya jaribio rahisi sana. Waliwasha sumu ndani ya seli, wakazisubiri saa kadhaa zikiwa hazikui, zinaonekana kama maiti. Kisha wakawasha kinga. Seli zikaamka, zikaanza kugawanyika. Kilichoonekana kama kifo kilikuwa usingizi. Wale wa Jerusalem wakajibu kwamba upo wakati ambao ukishapita seli hairudi tena, na hilo nalo lina ushahidi wake. Mwaka 2007 watafiti wa Brussels wakachukua E. coli wakamfutia mifumo mitano ya namna hii kwa pamoja, wakamtesa kwa njaa na kwa antibiotiki, wakamlinganisha na mwenye mifumo yote. Hawakuona tofauti ya maana katika kufa wala katika ushindani.

Ukiniuliza ninavyoona mimi, baada ya kupima pande zote: mazEF ni breki zaidi kuliko kisu. Seli iliyobanwa na njaa hupunguza matumizi ili ipitishe kipindi kigumu, na baadhi ya seli hupunguza mno zikashindwa kurudi. Lile sharti la tatu, la ukoo wenye jeni kushinda usio nayo katika njaa, halijatimia kwa namna inayoniridhisha. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba alichosoma kina msingi, ila neno "hujiua" lina nguvu kuliko ushahidi wa njaa.

Tena jeni za sumu na kinga zilijulikana kwanza mahali pengine kabisa, na hapo tunapata jibu la tatu kwa swali la nani anafaidika. Mwaka 1983 Wajapani Teru Ogura na Sota Hiraga walieleza jozi iitwayo ccd, iliyomo katika plasmidi, yaani kile kipete cha DNA kinachojitegemea ndani ya bakteria. Seli ikigawanyika na mtoto mmoja akakosa plasmidi, amerithi sumu na kinga ndani ya majimaji ya seli, lakini hana jeni za kutengeneza kinga mpya. Kinga inaisha, sumu inamuua. Anayefaidika hapa ni plasmidi, wala si seli iliyokufa wala ndugu zake: inahakikisha hakuna mtoto anayeishi bila yake. Plasmidi nyingi zinazobeba ukinzani dhidi ya antibiotiki zina jozi za namna hii, na hii ni sababu mojawapo ya ukinzani kubaki ndani ya bakteria hata dawa ikiacha kutumika. Kwa sisi wa hapa, ambako watu hununua antibiotiki nusu dozi kama peremende, naona hili ni fundisho zito kuliko yote niliyoyataja.

Kuna vifo vingine ambavyo sina shaka navyo. Bacillus subtilis, bakteria wa udongo, akibanwa na njaa hugawanyika vipande viwili visivyo sawa. Kikubwa humeza kidogo, humlea, humvika maganda hadi awe spora, yaani seli iliyolala inayostahimili shida, halafu mama hupasuka na kumwachilia. Mama huyo hana njia ya kurudi. Bakteria huyohuyo ana tabia nyingine ambayo watu huichanganya na hii: mwaka 2003 kikundi cha Richard Losick kilionyesha kwamba seli zinazoelekea kuwa spora hutoa sumu zinazowaua ndugu ambao hawajaanza safari hiyo, zikawala, na hivyo kuahirisha uamuzi wao. Hayo ni mauaji. Kuyaita kujiua ni kupotosha. Kwa upande wa E. coli, wapo wanaotengeneza kolisini, silaha dhidi ya bakteria wa karibu wasio wa ukoo wao, iliyoelezwa kwanza na André Gratia mwaka 1925. DNA ikiharibika, seli chache hutengeneza kolisini pamoja na protini ya kuzipasua zenyewe ili silaha itoke. Na Salmonella ya utumbo: mwaka 2008 watafiti wa Uswisi walieleza jinsi baadhi ya seli zinavyovamia ukuta wa utumbo na kufia humo mikononi mwa kinga ya mwili, zikiamsha uvimbe unaowaondoa bakteria wengine wa utumbo na kuwaachia uwanja nakala zao zilizobaki nje. Mgonjwa anayeharisha ndiye anayelipa gharama.

Sasa swali lako, Mwalimu, la kitufe. Kwa kiasi fulani tayari tunakibonyeza. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, lakini mara nyingi kinachoupasua ukuta ni vimeng'enya vya bakteria mwenyewe, vile anavyovitumia kila siku kuukata na kuupanua anapokua. Mwaka 1970 Alexander Tomasz na wenzake walionyesha kwamba pneumokoki, bakteria wa nimonia, asiye na kimeng'enya kimoja cha namna hiyo, LytA, akipewa penisilini huacha kukua lakini hapasuki.

Wapo wanaotafuta vitufe vingine. Bakteria wa kifua kikuu ana makumi ya jozi za sumu na kinga, na mwaka 2019 ilielezwa mojawapo, ambayo sumu yake, MbcT, huharibu NAD, molekuli ambayo hakuna seli inayoweza kuishi bila yake. Hii huua kweli, haileti usingizi. Watafiti walipoiwasha ndani ya bakteria walioambukiza panya, maambukizi yalidhoofika. Kwa ugonjwa unaomfunga mgonjwa miezi sita ya vidonge, natamani sana njia hii ifike mbali. Lakini waliiwasha kwa bakteria waliotayarishwa maabara. Bado inahitajika dawa itakayoingia ndani ya bakteria wa mgonjwa na kuitenganisha sumu na kinga yake. Na hata ikipatikana, seli itakayoharibu jeni yake ya sumu kwa badiliko moja tu itapona, na uteuzi asilia uliokuwa ukiufundisha utafanya yaliyobaki.

Hatari nyingine ni kubonyeza breki ukidhani ni kisu. Mwaka 1944, Joseph Bigger kule Dublin aliona kwamba penisilini haikumaliza bakteria wote wa Staphylococcus. Waliosalia hawakuwa sugu. Watoto wao walikufa kwa dawa ileile. Walikuwa wamelala tu, na dawa hiyo huua seli inayokua. Baadaye wengi waliamini kwamba jozi za sumu na kinga ndizo zinazowalaza, na makala mbili maarufu zikaonekana kulithibitisha kwa E. coli. Mwaka 2018 waandishi wenyewe waliziondoa, baada ya kugundua kwamba bakteria wao walikuwa wamechafuliwa na faji. Nawaheshimu kwa kulisema hadharani. Dawa ya kuamsha sumu isiyoua ingeweza kuwalaza bakteria ndani ya mgonjwa, waamke wiki kadhaa baadaye.

Na wakati mwingine kifo cha bakteria ndicho chenye madhara. E. coli O157:H7 amebeba jeni za sumu ya Shiga ndani ya DNA ya faji aliyelala. Antibiotiki inayoharibu DNA ya bakteria humwamsha faji huyo, seli hupasuka, na sumu humwagika kwa wingi. Sumu hiyo inaweza kuharibu figo, hasa za watoto. Ndiyo sababu daktari anayemwona mtoto anayeharisha damu hatakiwi kukimbilia antibiotiki kabla ya kujua bakteria ni yupi, na mzazi hafai kuinunua dukani kwa kukisia.

Nimalizie na maji ya kijani. Kile kinachoelea kama rangi iliyomwagika katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kutoka Dunga hadi upande wa Homa Bay, mara nyingi ni sayanobakteria, na Microcystis ndiye mashuhuri kati yao. Hawa ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na huongezeka pale mbolea na maji machafu yanapoingia katika ghuba yenye kina kifupi. Je, hujiua? Jamaa yake wa baharini, Trichodesmium, aliyekoseshwa madini ya chuma, alionyesha mwaka 2004 dalili zinazofanana na za apoptosisi. Microcystis naye ana jeni za metakaspasi, protini za ukoo mmoja na zile zinazoendesha apoptosisi kwetu. Lakini jeni kuwepo na dalili kufanana ni sharti la kwanza tu. Kutoweka kwa ghafla kunaweza pia kuletwa na upepo unaoyakoroga maji, chakula kuisha, au faji. Katika Ziwa Nakuru, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha kuporomoka kwa Arthrospira, sayanobakteria anayeliwa na heroe, na wingi wa faji wanaomshambulia. Heroe nao wakapungua kwa kukosa chakula. Mwambie mwanafunzi wako wa pili kwamba jibu ni "pengine kwa sehemu", na kwamba mtu anayekaa karibu na ziwa ana nafasi nzuri ya kuja kulichunguza.

Kuna jambo ambalo naomba ulisisitize darasani hata kama mengine yote yatasahaulika. Microcystis hutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini, na akiwa hai huiweka zaidi ndani ya seli zake. Akifa, kwa mpango au kwa kuuawa, sumu humwagika majini. Mwaka 1979 katika kisiwa cha Palm, Australia, waliweka salfeti ya shaba katika bwawa la maji ya kunywa ili kuua sayanobakteria wa aina nyingine. Bakteria walikufa, sumu yao ikatoka, na watu 148 wakalazwa, wengi wao watoto. Kuchemsha hakuondoi mikrosistini. Kunapasua seli na kuiacha sumu ndani ya sufuria. Kuchuja kwa kitambaa hupunguza seli nzima lakini hakuzuii sumu iliyokwisha kuyeyuka, na klorini ikitiwa katika maji mabichi ya kijani inaweza kuzipasua seli kabla ya kuifikia sumu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu moja ya sumu hiyo katika lita ya maji yanayonyweka kila siku, na hakuna anayeweza kukipima kwa macho.

Kwa hiyo familia zinazochota ziwani zisichote penye utando wa kijani, na pakiwepo kisima au maji ya mvua, watumie hayo hadi ghuba itulie. Maji yakirudi ghafla kuwa meupe, wasiyakimbilie siku hiyohiyo: huo ndio wakati seli zimekufa, na sumu inaweza kubaki majini kwa siku hata wiki. Ng'ombe na mbuzi nao wazuiwe kunywa hapo.